Kona ya Gemu: Kuruka kwa Ramani bila Kuua Safari

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: usafiri wa haraka katika gemu za kuigiza za dunia wazi, yaani kufungua ramani, kubonyeza jina la mji na kutokea huko papo hapo. Waandishi wa barua hizo hawataki kuuacha. Wanachotaka ni usiwe kama kubadilisha chaneli. Haya ndiyo maswali tuliyochagua.

SWALI: Nacheza Skyrim kwenye konsoli, sina modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) hata moja. Nikiruka kwa ramani, dunia nzima inageuka orodha ya majina. Nikisema nitembee kila mahali, jioni inaisha na misheni haijaisha. Hakuna njia ya kati?

JIBU: Ipo, wala haihitaji kupakua kitu. Kuruka kunakosa ladha kwa sababu hakukugharimu chochote na unaweza kukufanya ukiwa karibu popote nje, hata juu ya kilele cha mlima. Kwa hiyo anza na masharti mawili tu, la mahali na la malipo. Yazoee kwanza ndipo uongeze mengine.

Sharti la mahali ni hili: huondoki ila kwenye zizi la farasi, bandarini au mlangoni mwa nyumba ya wageni, na unakokwenda pawe na kimojawapo cha hivyo. Pango au ngome iliyo porini unaifikia kwa miguu au kwa farasi. Skyrim yenyewe imekurahisishia kazi, maana ina madereva wa magari ya farasi nje ya miji mitano: Whiterun, Solitude, Markarth, Riften na Windhelm. Nauli ni dhahabu 20 kwenda mojawapo ya miji hiyo, na 50 kwenda ile midogo ya Dawnstar, Morthal, Falkreath na Winterhold. Sasa angalia: miji hiyo midogo haina dereva wa kukurudisha. Ukiheshimu sharti lako na kutumia madereva pekee, kwenda Winterhold kunakuwa uamuzi wa kufikiria, kwa sababu kurudi ni juu yako.

Sharti la malipo linahusu saa na chakula. Kabla ya kuondoka fungua menyu ya kusubiri uone siku na saa, na ukifika uifungue tena. Gemu husogeza saa kulingana na umbali kila unaporuka, ila wachezaji wengi hawatambui kwa sababu hakuna kinachowalazimisha kuangalia. Kwa kila saa sita zilizopita, kula mlo mmoja kutoka mkobani. Zikizidi kumi na mbili, lala kabla ya kushika misheni yoyote. Huna chakula, husafiri. Baada ya muda utajikuta unanunua mkate kabla ya safari bila hata kujikumbusha.

Ziba na mwanya mmoja. Ukibeba mizigo kupita kiwango, ambacho mwanzoni ni 300, gemu inakukatalia kuruka. Lakini ukipanda farasi inakuruhusu, hata kama una silaha za jeshi zima mgongoni. Jikataze. Uzito ndio unaowafanya wengi waruke ovyo: wanajaza mkoba pangoni, wanauza mjini, wanarudi pangoni kuchukua vilivyobaki. Sharti la "sirudii pango kwa ajili ya kuuza" litakupunguzia kuruka kuliko masharti mengine yote kwa pamoja.

Watu wengine watakushauri uzime dira na vionyesho vyote vya skrini, na kweli kwenye mipangilio kuna kipimo cha kuvififisha hadi sifuri. Sisi hatushauri ufanye hivyo mwanzoni. Misheni nyingi za Skyrim hazikupi maelezo ya njia kwa maneno. Zinategemea ule mshale wa kwenye dira unaoonyesha unakotakiwa kwenda. Ukiuondoa hubaki na kitu cha kufuata. Afadhali uache alama kwenye ramani, halafu ujiruhusu kufungua ramani ukiwa ndani ya jengo au kambini tu.

SWALI: Nimewasha hali ya Survival kwenye Fallout 4. Hakuna kuruka kabisa na hakuna kuhifadhi isipokuwa ukilala. Jana nimekufa nikiwa nimebakiza hatua chache nifike, nikapoteza karibu saa nzima. Je, hii ndiyo raha wanayoisifia?

JIBU: Raha ipo, ila Survival inataka upange kazi tofauti. Katika hali ya kawaida unachukua misheni na kuruka kuifuata. Hapa unachukua eneo. Kabla ya kutoka kambini, kusanya misheni tatu au nne zilizo upande mmoja wa ramani, uzimalize kwa mzunguko mmoja, urudi kwa njia nyingine. Misheni inayokutuma peke yake upande wa pili wa ramani isubiri hadi ipate wenzake.

Kuhusu kufa: kulala saa moja kunatosha kuhifadhi, huhitaji kumaliza usiku. Kwa hiyo kila makazi unayoyafungua, kitu cha kwanza kujenga ni kitanda na pampu ya maji, hata kama hutaki kuishi hapo. Ukiyapanga makazi kama vituo njiani, hasara ya kufa inashuka hadi umbali wa kituo kimoja. Ukikuta godoro kwenye jengo ulilolisafisha, lala saa moja kabla ya kuendelea, hata kama huna usingizi. Na usiingie jengo kubwa mwisho wa safari ndefu bila kulala kwanza. Hapo ndipo wengi wanapopoteza saa zao.

Mzigo nao ni adui. Kwenye Survival risasi zina uzito, na uwezo wako wa kubeba ni mdogo kuliko kawaida. Pata kipaji cha Local Leader, ambacho kinahitaji Charisma 6, uunganishe makazi kwa njia za ugavi. Kuanzia hapo vyuma na takataka ulizoweka kituo kimoja zinatumika kujengea kituo kingine. Fahamu lakini kwamba ni malighafi za ujenzi tu zinazoshirikiwa. Bunduki uliyoiacha kaskazini haitatokea kusini.

Na si kweli kwamba hakuna kuruka kabisa. Ukijiunga na Brotherhood of Steel, kundi la kijeshi ndani ya gemu, unaweza kuita Vertibird, ndege yao inayofanana na helikopta, kwa bomu la ishara, ukapanda na kuruka angani juu ya mji ukiuona wote chini, na inaweza kutunguliwa ukiwa ndani. Kwa maoni yetu huo ndio usafiri wa haraka uliotengenezwa vizuri kuliko wote katika gemu hiyo, na katika hali ya kawaida watu wengi hawaugusi kwa sababu ramani ni ya bure.

SWALI: Kwenye kompyuta nimeweka modi inayofanya gari la farasi la Skyrim liende barabarani kweli badala ya skrini kuwa nyeusi. Gari linaruka juu, linapinduka, mara nyingine linakwama kwenye jiwe. Tatizo ni nini?

JIBU: Angalia kwanza idadi ya fremu, yaani picha ambazo kompyuta inachora kila sekunde. Injini ya fizikia ya Skyrim imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde. Ukipita hapo, vitu vinavyogongana vinasukumana kwa nguvu isiyo ya kweli, na chombo chenye magurudumu ndicho kinachoonyesha ugonjwa huo haraka. Weka kikomo cha 60 kwenye mipangilio ya kadi ya picha ujaribu tena.

Lisipotulia, tafuta modi zilizoongeza vitu barabarani: miti, mawe, taa, madaraja mapya. Gari linafuata mstari uliochorwa kwenye barabara ya asili, halijui kwamba sasa pana jiwe. Mwenye shaka akumbuke kisa alichokisimulia Nate Purkeypile, mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo: wakati wa utengenezaji, lile gari la mwanzo kabisa wa hadithi lilikuwa likirushwa hewani, na chanzo kilikuwa nyuki mmoja aliyewekwa kimakosa kama kitu kisichoweza kusukumwa.

Jambo la tatu ni modi mbili zinazogusa skripti (maagizo ya programu) moja ya dereva. Inayopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda, na nyingine inabaki nusu, ndiyo maana unalipa nauli na gari haliondoki. Chagua moja. Usiing'oe nyingine katikati ya hadithi kwa sababu skripti zake hubaki kwenye faili ulilohifadhi. Rudi kwenye faili la kabla ya kuiweka.

SWALI: Kila mahali wazee wa gemu wanasema Morrowind ilipatia usafiri kuliko gemu zote. Ni kweli au ni kupenda ya zamani?

JIBU: Yote mawili. Morrowind ya 2002 haina kuruka kwa ramani hata kidogo, lakini ina njia za haraka nyingi kuliko zilizofuata. Kuna silt strider, mdudu mkubwa wa kupanda: kutoka Seyda Neen anakupeleka Balmora, Vivec, Suran au Gnisis, basi. Kuna mashua za pwani. Kuna chama cha wachawi, ambao wanakurusha kati ya Balmora, Ald'ruhn, Caldera, Vivec na Sadrith Mora. Kuna uganga wa Almsivi Intervention wa kukupeleka hekalu la karibu, na Divine Intervention wa kukupeleka madhabahu ya Dola iliyo karibu. Na kuna Mark na Recall: unaweka alama mahali pamoja tu, halafu unairudia kutoka popote.

Ukizitazama moja moja hazina maajabu. Silt strider hata hasogei. Unalipa, skrini inabadilika, umefika. Ladha inatoka kwenye mtandao wenyewe kuwa na mapengo. Hakuna njia moja inayofika kila mahali, hivyo kichwani unaanza kuunganisha: mashua hadi hapa, wachawi hadi pale, halafu miguu. Unaijua nchi kama mtu anayeishi humo. Mtengenezaji yeyote wa gemu anayetaka kuiga aanze kwa kuiga hayo mapengo, kwa sababu huyo mdudu ni pambo tu.

Upande wa kupenda ya zamani ni huu: mwanzoni mhusika wako anakwenda polepole mno, na wengi wa leo wanaacha kabla hata ya kuufahamu huo mtandao. Ukitaka kujaribu, panda silt strider wa kwanza kwenda Balmora, uingie chama cha wachawi mapema, na alama ya Mark uiweke karibu na mfanyabiashara mwenye pesa nyingi.

SWALI: Natengeneza gemu yangu kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu. Nataka safari kama ya Kingdom Come: Deliverance, ambapo alama inatembea kwenye ramani, saa inakimbia, na unaweza kukatizwa na majambazi njiani. Nimejaribu, ila wakati mwingine majambazi wanatokea mara tano kwenye safari moja, na wakati mwingine mhusika anapita katikati ya ziwa. Nianzie wapi?

JIBU: Ziwa kwanza, maana hilo ni rahisi. Umechora mstari ulionyooka kutoka mji hadi mji. Tumia AStar2D, zana ya Godot ya kutafuta njia: weka nukta kwenye kila mji, njia panda, daraja na kona kubwa, uziunganishe kwa connect_points pale tu penye barabara. Uzito katika AStar2D unakaa kwenye nukta. Mstari unaounganisha nukta mbili hauna uzito wake. Kwa hiyo kinamasi kinachopunguza mwendo kiwekewe nukta zake katikati, mbili au tatu, zenye uzito wa 2 wakati barabara nzuri ina 1. Kisha omba get_id_path badala ya get_point_path, kwa sababu utahitaji namba za nukta ili uulize uzito wa kila moja. Orodha ya nukta unayopewa haina muda ndani yake. Muda unaupiga hesabu mwenyewe, kipande kwa kipande.

Chukua mfano. Pikseli moja ya ramani ni mita 50, na mtu anatembea kilomita 5 kwa saa. Njia ya pikseli 600 ni kilomita 30, yaani saa sita. Kwenye kinamasi cha uzito 2, kipande hichohicho kinakula saa kumi na mbili. Mchezaji akiona hivyo kabla ya kuthibitisha safari, atazunguka kinamasi kwa hiari yake, nawe hujamkataza kitu. Mwonyeshe basi: saa ya kufika, milo inayohitajika, na kama atafika usiku.

Sasa majambazi. Tunabashiri kwamba unarusha kete (unaomba namba ya bahati nasibu) ndani ya _process, sehemu ya programu inayorudiwa kila fremu. Hapo kompyuta inayotoa fremu 60 inarusha kete mara mbili ya inayotoa 30, na mwenye mashine nzuri ndiye anayeibiwa zaidi. Kete irushwe kwa saa ya gemu. Jumlisha muda wa safari kwenye kigezo kimoja (variable), na kila saa moja ikitimia, toa moja na urushe mara moja. Tumia while pale, usitumie if, kwani fremu ikichelewa saa mbili zinaweza kupita kwa mpigo, na kete ya moja ikachelewa au kupotea safari ikiisha.

Uwezekano wenyewe unadanganya macho. Asilimia 5 kwa saa inaonekana ndogo, lakini kwa safari ya saa nane nafasi ya kukatizwa angalau mara moja ni karibu asilimia 34. Ukiweka 10 inafika 57. Anza na 4 au 5 barabarani mchana, ongeza kwa usiku na porini. Kisha, mtu akishakatizwa, simamisha kete kwa saa tatu za gemu. Hiyo peke yake itakuondolea zile mara tano.

Na si kila kukatizwa kuwe vita. Katika kila matukio kumi, manne yakiwa ya mapigano yanatosha. Mengine yawe msafiri mwenye habari, gari lililovunjika gurudumu, mvua inayomlazimisha kukaa chini ya mti, kaburi ambalo halipo kwenye ramani. Pigano likiwa ndilo jibu la kila kete, mchezaji anajifunza kuogopa kitufe cha safari, na huko ni kuchoka, hakuna tena uhai wa dunia unaoutafuta.

Watakuwepo watakaohifadhi kabla ya kuondoka na kurudia hadi wapite salama. Gemu mpya inapoanza weka seed (namba inayoanzisha mfululizo wa kete) ya RandomNumberGenerator, na kila anapohifadhi iweke kwenye faili pamoja na state yake, yaani mahali mfululizo ulipofika. Ukihifadhi seed peke yake, kila akipakia upya mfululizo wa kete unaanza mwanzo.

Mwisho wa safari ndipo wengi wanapoharibu. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Fifisha skrini hadi nyeusi.
2. Sogeza saa na tarehe.
3. Badilisha hali ya hewa, njaa na uchovu kulingana na saa hizo.
4. Pakia eneo jipya.
5. Waweke wahusika wa mji pale wanapotakiwa kuwa kwa saa hiyo.
6. Mweke mchezaji, kisha wenzake na farasi.
7. Rudisha mwanga.

Ukipakia eneo kabla ya kusogeza saa, mchezaji anafika saa nane usiku na kuona duka likijifunga mbele yake na watu wakiruka kutoka sokoni hadi vitandani. Wenzake wasiwekwe kwenye nukta moja naye. Wape nafasi mita mbili au tatu nyuma, na uhakikishe kila mmoja yupo juu ya eneo linalotembeka, la sivyo mmoja ataanguka chini ya ardhi. Mchezaji mwenyewe atokee barabarani nje ya lango, uso ukiuelekea mji. Hatua ishirini za kuingia kwa miguu hazimchoshi mtu, na zinamwonyesha kuwa amefika kutoka mahali.

Picha ya alama ikitembea idumu sekunde moja kwa kila saa ya gemu, isipungue tatu wala kuzidi nane. Weka kitufe cha kushikilia ili kuiharakisha, ila kete zirushwe zote hata akiharakisha.

SWALI: Katika Dragon's Dogma 2 nimepanda mkokoteni wa ng'ombe, nikasinzia, nimeamka umevamiwa na umevunjika. Sasa nipo porini usiku. Kuna namna ya kuzuia?

JIBU: Kuzuia kabisa hapana, na wamekusudia hivyo. Ukisinzia unarushwa hadi mwisho wa safari au hadi uvamizi, chochote kitakachotangulia. Ukikaa macho unaona barabara na unawahi kuruka chini. Adui wadogo wamalize kando ya mkokoteni. Adui mkubwa mvute mbali nao kwanza, kwa sababu pigo lake moja linatosha kuuvunja. Beba vifaa vya kambi hata kama unapanga kwenda kwa gari. Na weka Ferrystone moja ya akiba, jiwe la kukurusha papo hapo hadi mahali pengine: dukani ni dhahabu 10,000, bei inayokufanya ufikirie mara mbili kabla ya kuitumia.

SWALI: Cyberpunk 2077 sasa ina treni. Kuna anayeipanda kweli, au ni mapambo?

JIBU: Treni ya NCART iliingia na toleo 2.1, Desemba 2023, na kituoni unachagua kupanda au kuruka moja kwa moja. Mara nyingi utaruka. Ipande ukitaka kutazama mtaa ambao hujawahi kuupita kwa gari ili ujue unaanza wapi kesho.